Nyumba ya Mawe na Ushuru wa Soko

Jumanne, 6 Mei

Zamu ya mchana tena. Basi la kutoka International City limejaa, metro imejaa, na jua la Marina, huku Uarabuni, halina huruma na mtu. Nimefungua na kufunga lango la magari la mnara ninaoulinda siku nzima. Simu kwenye kabati la msimamizi hadi zamu iishe, kama kawaida.

Niliporudishiwa nikakuta kundi la familia na majirani linawaka moto. Kaunti yetu inataka kufuta ushuru wa soko, ule ambao kina mama wanatozwa kila asubuhi kabla hata ya kuuza. Badala yake walipe wenye nyumba za mawe, mara moja kwa mwaka. Kijijini kwetu nyumba za mawe si nyingi. Moja ni yangu. Haina hata madirisha.

Nimeandika kundini: "Hata dirisha sijaweka, tayari nadaiwa?" Nimelala na kinyongo.

Ijumaa, 9 Mei

Sina zamu. Nimefua, nimesonga ugali. Hakim, Mganda ninayekaa naye chumba kimoja, amenisikia nikilalamika akacheka mpaka akakohoa. "Wewe bwana, huku mshahara haukatwi kodi. Wamekudekeza. Sasa kwenu wakikugusa kidogo tu, unalia!" Imeniuma kwa sababu ni kweli.

Mwalimu mstaafu, jirani yetu, ametuma sauti ndefu kama mahubiri. Pesa zitaliwa, anasema, na leo ni nyumba, kesho watatoza kuku. Binamu yangu Nyakundi ndiye anayepinga kwa kelele kuliko wote. Hana hata tofali moja. Lakini anasema siku moja naye atajenga, na akishajenga hataki usumbufu. Analinda nyumba ambayo haipo. Nimecheka peke yangu. Halafu nimesoma majibu ya wengine na kuona kina Nyakundi ni wengi.

Jumapili, 11 Mei

Moraa amepiga. Dada yangu mkubwa, mjane, anauza kabichi na mboga za managu. Ndiye mwenyekiti wa kina mama sokoni. Anaishi na watoto wake kwa Mama, nyumba ya udongo iliyopakana na yangu.

Juzi kanjo, askari wa kaunti, walimkuta hajauza, hana ya ushuru. Wakabeba mizani yake. Kabichi wakazimwaga matopeni. Amenisimulia huku anacheka. Mimi nimeshindwa kucheka. Kabichi hizo hizo ndizo zilizonisomesha hadi kidato cha nne.

Nimekaa kitandani muda mrefu. Huo ushuru ukifutwa, Moraa atapumua. Mimi nitalipa, nitanung'unika, lakini nitalipa, maisha yataendelea. Basi. Naunga mkono. Nimempigia tena kumwambia.

Amenisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Acha hiyo maneno, ndugu yangu. Wewe umechoka tu."

Jumatano, 14 Mei

Haniamini. Anafikiri namhurumia. Natuma sauti, ananijibu habari za mvua na ng'ombe. Natuma nyingine, ananiuliza kama nakula vizuri.

Mama ndiye aliyenieleza bila kuzunguka. Aliyejenga ndiye mwenye neno, na neno langu lilishatoka siku ile nilipoandika kundini. Kwetu ni hivyo. Mtu wa ng'ambo akinung'unika mara moja, jamaa yote inabeba. Akigeuza, wanasema anajikaza kwa ajili yao. Nimewaza kuhusu ule ujumbe wangu wa dirisha. Niliuandika nimesimama kwenye metro, nina njaa. Sikuufikiria hata kidogo.

Nina hasira na sina pa kuipeleka.

Jumanne, 20 Mei

Kikao ni keshokutwa, uwanja wa chifu. Maafisa wa kaunti wanakuja kuchukua maoni ya wananchi. Mpango ukikataliwa pale, diwani wetu amesema hataugusa tena, uchaguzi unakaribia.

Nimeomba ruhusa ya Alhamisi. Msimamizi hakuinua hata macho. "Thursday inspection. No off. Khalas." Yaani imekwisha. Nikaomba basi nikae na simu, dakika chache tu. Akanitazama kama niliyeomba funguo za mnara.

Jioni nimempigia Moraa. Nimemwambia asimame upande wake mwenyewe, sio wangu. Nimesema kwa ukali. Sijawahi kumpandishia sauti dada yangu maishani. Akajibu, "Sawa." Ile sawa yake ya kumnyamazisha mtoto anayedeka. Naijua tangu nikiwa mdogo na haijawahi kumaanisha sawa.

Alhamisi, 22 Mei

Joto la kuua. Kabati la simu naliona kupitia kioo cha ofisi, siwezi kuligusa. Madam mmoja amenifokea kwa sababu nimechelewa kuinua kizuizi. Nimesema sorry madam. Mwili ulikuwa langoni, mimi nilikuwa uwanja wa chifu.

Nimerudishiwa simu. Kila mtu ameshasimulia.

Kina mama wa soko walijaa, na walikuja wakitaka mpango ukubaliwe. Afisa akasema wanaokubali waende upande wa tangi la maji, wanaokataa upande wa ua. Kina mama hawakusogea. Walikuwa wanamngoja mwenyekiti wao. Moraa akaomba kipaza sauti. Akasema ana ndugu Uarabuni, anasimama juani kutwa, kila jiwe la ile nyumba ni jasho lake, na hatakubali atozwe akiwa hayupo kujitetea. Akaenda upande wa ua. Wote wakamfuata. Hata yule mama wa nyanya aliyevunjiwa meza mwezi uliopita.

Nyakundi ametuma picha za makofi. Watu wananipongeza. Mwingine ameandika kwamba nina dada wa maana, na ni kweli, ndiyo maana nimelia bafuni wenzangu wakigonga mlango.

Ijumaa, 23 Mei

Hakim ameniwekea chai, akatoka bila kuuliza. Namshukuru.

Mwalimu anasema kundini kwamba kina mama hawakuelewa walichokataa. Mbona yeye alikuwa anapinga, leo anawacheka? Walielewa. Ila wao walikuwa wanamwangalia Moraa, na Moraa alikuwa ananiangalia mimi. Na mimi nilikuwa nafungulia gari la mtu lango.

Nimemtumia Moraa pesa kidogo. Nimeandika wazi: hii ni ya ushuru wa soko, na mizani, usifanyie kitu kingine.

Jumamosi, 24 Mei

Amejibu "Mungu akubariki." Hakuongeza neno.

Alhamisi, 29 Mei

Zamu ya mchana. Lango lile lile.

Mama amepiga jioni. Mvua haikatiki kwetu. Kanjo walipita tena sokoni leo asubuhi na Moraa hakuwa na ya kulipa. Amerudi nyumbani mapema, amelowa, kikapu kitupu. Nikauliza, na zile pesa? Mama akasema muulize mwenyewe.

Sikuhitaji kuuliza. Moraa alikuwa ameshanitumia picha. Nyumba yangu, ukuta wa mbele. Dirisha la sebuleni lina kioo kipya, bado kina alama za vidole vya fundi. Madirisha mengine ameyaziba kwa magunia yake ya kabichi ili maji yasiingie. Yeye mwenyewe amesimama pembeni, kanga kichwani, anatabasamu. Chini ameandika: "Sasa wakirudi siku nyingine kukudai, wakute dirisha lipo."

Nimeandika ujumbe mrefu, nikaufuta. Nikaandika mwingine, nikaufuta pia. Hakim ameshazima taa.

Mwishowe nimemwandikia asante dada, kioo kimekaa vizuri.