Ukingo wa Ndani wa Tairi

Jumamosi, 14 Juni 2025

Nimeendesha gari hadi Dongobesh na kurudi! Mimi, Marieta! Leseni ninayo, na Rav4 aliyoniachia mwanangu Renatus alipopata gari lingine ninayo. Miaka hamsini na sita pia ninayo, na watakaocheka wacheke. Asubuhi Mbulu ilikuwa baridi ya kukata masikio, ukungu umekaa barabarani, nikawasha taa kama dereva wa mkuu wa wilaya.

Mume wangu Nicodemo alikaa pembeni ameshika mkanda kwa mikono yote miwili. Tuliporudi akashuka, akajinyoosha, akasema umeendesha vizuri, ila gari lako linaimba.

Kweli linaimba. Vuuu-vuuu-vuuu, kama mashine ya kusaga ikiwa mbali. Halafu nikilegeza mikono linavuta kushoto lenyewe. Nimelizunguka, nimeangalia matairi yote. Mazuri! Kashata, yale matuta ya mpira, zimesimama kama yametoka dukani juzi. Itakuwa ni barabara tu.

Tukimaliza kung'oa vitunguu saumu tunakwenda Getanuwas kwa wakwe, kumwona binti yetu Loveness kabla hajajifungua. Mjukuu wa kwanza! Na mteremko wa Dareda nitaushuka mimi kwenye usukani. Nikiufikiria nacheka na naogopa kwa pamoja.

Jumatatu, 16 Juni

Siyo barabara!!

Nimelipeleka kwa Bura, fundi wa nyuma ya stendi. Shikamoo mama — marahaba. Nikamwambia matairi hayana shida, nimeyaangalia mwenyewe. Hakubisha. Aliniambia nikate usukani wote mpaka mwisho, nizime, nishuke. Nikashuka. Tairi la mbele kushoto limejitokeza nje, sasa unaliona uso wote. Akasema:

"Mama, chuchumaa hapa. Weka kiganja. Pitisha toka nje kwenda ndani."

Nikapitisha. Laini.

"Sasa rudisha, toka ndani kuja nje."

Uwii! Meno! Linakwaruza kiganja kama msumeno! Akasema endelea mpaka ukingo wa ndani kabisa, kule ambako gari likisimama sawa jicho halifiki. Nikapeleka vidole. Hakuna kashata. Kipara! Na mahali pamoja kitu kikanichoma. Waya. Waya za tairi ziko nje!

Tairi lilelile moja: nje jipya, ndani limekwisha. Mimi nililizunguka nikalisifu.

Bura anasema kuna chuma kinachoshika gurudumu upande wa kushoto, tairodi, kimelegea. Kwa hiyo tairi linatembea limepinda kidogo tu, huoni, lakini kila safari linajikwangua upande mmoja. Ndio wimbo wenyewe ule.

Nikakumbuka Dongobesh, Nicodemo ameshika mkanda. Halafu — sijui nieleze vipi — nikafurahi! Nikafurahi mpaka nikapiga makofi gereji, na kiganja cheusi. Kwa sababu nimeligusa. Lilikuwa limejificha nami nimeligusa!

Alhamisi, 19 Juni

Limepona. Tairodi mpya, matairi mapya mbele, kisha Bura akafunga kamba nyuma akaivuta hadi mbele, kupima kama magurudumu yananyooka. Akalegeza nati, akapima tena, akakaza. Nimelijaribu kwenye tambarare. Halivuti! Haliimbi! Linakwenda kimya kama mtu aliyeshiba.

Na sikuondoka. Nilimwomba Bura anionyeshe kila gari lililokuwa pale. Tairi likilika katikati, upepo umezidi. Likilika pembeni zote mbili, upepo haukutosha. Likiwa na vibonde vibonde, shokapu zimechoka. Likilika upande wa ndani peke yake, gari limepinda — na hilo ndilo baya, maana linajificha. Nimepaka grisi kitenge cha kwaya. Nicodemo ameuliza kama nimeajiriwa.

Jumapili, 22 Juni

Leo nimetia aibu. Nicodemo ndiye anayesema hivyo. Mimi sijaona aibu.

Baada ya misa watu wanasalimiana nje, nami macho yangu yako kwenye magari. Gari la Paroko liko safi. La mganga mkuu limelika katikati, nikamwambia apunguze upepo, akacheka, akasema asante mama. Sasa Noah ya Agustino, mwalimu wetu wa kwaya, anayebeba watu kwenda Haydom kila siku. Alikuwa ameegesha amekata usukani. Ningeachaje? Nikachuchumaa nikapitisha kiganja. Nje laini, ndani msumeno!

Nikamwambia. Hakufurahi. Aliuliza mbele ya wanakwaya wote kama siku hizi nimekuwa trafiki. Watu wakacheka. Nicodemo akanishika mkono, twende nyumbani. Njiani akasema mke wangu, unapapasa magari ya watu mlangoni mwa kanisa. Nikamwambia ningemwona mtu ana homa ningemgusa paji la uso. Halafu akacheka kidogo, nilimwona.

Jumanne, 24 Juni

Agustino amekuja! Amesimama uani, kofia mkononi. Bura alilifungua gari lake jana. Tairi lilikuwa limebaki kitambaa tu upande wa ndani. Alisema leo alikuwa apeleke watu msibani, gari limejaa, na pale pale akaniomba niliangalie na la kaka yake. Nilicheka mpaka chozi.

Loveness amepiga simu pia. Miguu imevimba. Tarehe yake ni katikati ya Julai, lakini anasema mama, njooni sasa, nahisi mko mbali nami. Nicodemo kasikia sauti yake, akasema vitunguu vitasubiri. Ijumaa tunaondoka!

Ijumaa, 27 Juni

Tumefika Getanuwas! Nimeushuka mteremko wa Dareda! Gia nzito, polepole, bonde lote limelala chini, lori mbele yangu linatoa moshi, nami sikulipita wala sikuogopa. Chini kabisa tukasimama, nikachuchumaa kugusa matairi. Yana joto, yote sawasawa. Nicodemo akanunua miwa. Akaniambia neno moja tu: dereva. Sijawahi kusikia neno tamu hivyo.

Mlima Hanang ulikuwa wazi wote tulipofika Katesh. Kutoka hapo kwenda Getanuwas ni vumbi, mawe na makorongo, lakini tumefika. Loveness kanenepa uso, tumbo limeshuka. Nimemkumbatia mpaka mumewe Michael akasema mama, mpumzishe.

Wakwe wametupokea vizuri sana. Mama Michael ametupa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akanikalisha karibu naye. Mzee Gidamis, baba yake Michael, ni mtu mrefu, mkimya, wa ng'ombe wengi na maneno machache. Alitupeleka mwenyewe kuona pikapu yake. Imeoshwa inang'aa, godoro limetandikwa nyuma tayari. Alisema siku ya Loveness ikifika, gari hili ndilo litakalompeleka mjukuu wake hospitali. Aliligusa boneti kama anavyogusa nundu ya dume. Akaonyesha matairi: mapya, nimenunua mnadani.

Na ni kweli, kwa nje yanameremeta. Mikono ikaniwasha! Nicodemo akanikanyaga mguu. Kwa sauti ya chini: hapa ni kwa wakwe, Marieta. Mama wa binti hachuchumai chini ya gari la mzee. Nikafunga mikono kwenye khanga.

Nimefurahi sana leo. Lakini pikapu ile ilipopita kwenda kuchota maji, niliisikia ikiimba.

Jumamosi, 28 Juni

Naandika kwenye benchi la hospitali, Katesh. Mwandiko unaruka. Loveness yuko ndani!!

Asubuhi, chai haijachemka, chupa ya uzazi ya Loveness ikapasuka. Wiki mbili kabla! Mama Michael akaita, Michael akakimbia huku na huku, Mzee Gidamis akawasha pikapu. Aliigeuza uani, akakata usukani wote ili atoke langoni. Tairi la mbele likajitokeza. Nilikuwa nimesimama pale pale, nimebeba mfuko wa nguo za mtoto. Na nikaona. Ukingo wa ndani unang'aa, laini kama kisigino.

Jana niliifunga mikono kwenye khanga. Leo sikuweza. Niliweka mfuko chini, nikachuchumaa, nikapitisha kiganja. Wote wanaangalia. Msumeno. Halafu kipara. Halafu waya, na si mahali pamoja — mzunguko wote!

Nikasimama. Nikasema:

"Baba Michael, unisamehe. Gari hili lisimbebe mtoto."

Kuku tu wanasikika. Michael akasema mama, matairi mapya hayo, baba amenunua juzi. Mzee Gidamis akashuka. Hakuniangalia. Alisema kitu kwa Kibarbaig, taratibu, na Michael hakunitafsiria. Nikajua nimevunja kitu. Ziara ya kwanza tangu arusi, nami nimemwaibisha mwenye mji kwenye uwanja wake, mbele ya mkewe na wanawe.

Nilimtazama Nicodemo. Nilidhani atanivuta mkono kama siku ile kanisani. Akapandisha suruali yake ya suti, akapiga magoti kwenye vumbi, akaingiza mkono nyuma ya tairi. Alipoutoa kidole kilikuwa na damu. Akasema kwa heshima yote:

"Mzee mwenzangu, njoo ushike mwenyewe."

Mzee Gidamis akajibu kwamba jana ameliendesha mpaka mtoni na amerudi. Hakusogea. Nicodemo hakuinuka. Wazee wawili, mmoja amesimama, mmoja amepiga magoti.

Ndipo Loveness akapiga kelele kutoka mlangoni, ameshika nguzo:

"Mnaongelea matairi! Mimi naumwa!"

Mama Michael ndiye aliyeamua. Hakuomba ruhusa. Alichukua blanketi kwenye pikapu, akatembea nalo hadi kwenye Rav4, akafungua mlango, akamwita Loveness kwa mkono. Michael akambeba. Mimi nikawasha. Nilipotoka langoni nilimwona Mzee Gidamis kwenye kioo, amesimama karibu na pikapu yake na fimbo yake. Ameduwaa, au amekasirika, sijui. Uso wake huusomi.

Sijawahi kuendesha hivyo. Kila jiwe nililikwepa, kila korongo nililishuka kwa pembe. Loveness analia nyuma, Mama Michael anamwimbia kwa sauti ndogo, Nicodemo pembeni ananiambia shimo kulia, shimo kushoto, polepole hapo, sasa kanyaga. Tulipofika kwenye ukingo wa korongo kubwa, upande mmoja ukuta na upande mwingine hakuna kitu, nikafikiria waya zile zingekatika hapa. Nikashika usukani. Gari likapita sawa, halivuti upande wowote. Nikasema asante Mungu, asante Bura. Nikasema kwa sauti, wote wakasikia.

Tumefika. Muuguzi amempokea, amesema njia imefunguka sana, mngechelewa kidogo mngezalia barabarani. Mama Michael ameruhusiwa kuingia naye. Michael anatembea kutoka mlango mpaka mti, mti mpaka mlango. Mimi nimeachwa nje na kalamu. Nasikia sauti ya Loveness, halafu simsikii, halafu namsikia tena. Ee Mungu. Sijui nifurahi au nilie, navifanya vyote.

Nicodemo amefunga kidole kwa leso. Nimemuuliza, Mzee Gidamis alisema nini kile? Anasema hajui Kibarbaig na hata angejua asingeniambia leo. Michael naye nimemuuliza. Ameangalia chini. Amesema baba alisema, huyu mama anajua kuliko mimi nyumbani kwangu. Sijui ilisemwaje. Maneno hayo yanaweza kuwa sifa, yanaweza kuwa jeraha.

Bodaboda imeingia getini. Ni Mzee Gidamis! Shuka lake limejaa vumbi lote la Getanuwas. Kwa hiyo pikapu ameiacha. Ameshuka, amempa kijana wa pikipiki pesa yake, Michael amemkimbilia. Hajasimama na Michael. Hajaja kwenye benchi. Amekwenda moja kwa moja kwenye Rav4.

Analizunguka. Amesimamisha fimbo kwenye mlango wangu. Amechuchumaa! Amepeleka mkono nyuma ya tairi la mbele, polepole, kwenda ndani — na sasa anaurudisha, kuja nje. Nani amemfundisha? Amenitazama tu asubuhi! Anafanya tena.

Ameinuka. Anaangalia kiganja chake, kimekuwa cheusi. Anakuja huku kwenye benchi, hajakifuta, na ameninyooshea mkono wa salamu kabla hajafika.