Haliungwi Mkono

Shangazi mpendwa wa ukurasa huu, shikamoo. Naomba msaada, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanicheka, kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kwa kucheka na sasa nalia. Mimi ni mke wa mtu, mama wa watoto wawili, fundi wa kushona katika karakana ya nguo, na kwa muda sasa kila mchana wenzangu wakienda kula mimi nakwenda kujificha nyuma ya pazia la mwanamume ambaye siyo mume wangu. Usinihukumu bado, Shangazi, tulia.

Mume wangu ni mwalimu wa Kiswahili, mtu mpole, hana pombe, hana sigara, ugonjwa wake ni mmoja tu, nao ni ile mifumo ya kompyuta ya huria, ile isiyo na mwenyewe, ambayo kila mtu anaruhusiwa kuifungua, kuirekebisha na kumgawia jirani, na ole wako umwambie "ile ya bure", atakukatiza hapo hapo, "Mke wangu, huria siyo bure, rudi darasani." Yeye na wenzake, watu ambao hajawahi kuwaona hata sura, wanaitafsiri hiyo mifumo kwa Kiswahili kwa kujitolea, na akikwama kwenye neno ananiuliza mimi nikiwa napiga pasi, "Hivi wewe hapa ungesemaje?" nami namwambia, na mara nyingine neno langu ndilo linalopita, na nisikufiche, hapo ndipo ninapompenda kuliko siku zote.

Sasa laptopu yangu ilipojaa virusi aliisafisha yote akaniwekea huo mfumo wake, nami sikuona tabu, ilikuwa nyepesi, inaongea Kiswahili, basi nikajiandikisha masomo ya kukata makoti ya kiume kwenye chuo kimoja kinachofundisha kwa video, kwa sababu mkataji wetu mzee pale karakana anaondoka mwisho wa mwezi na bosi wangu, mama mmoja mwenye jicho kali, alisema atakayemletea koti la kiume lililokamilika ndiye atakayepewa meza ya kukatia, na mimi, Shangazi, nimechoka kushona vifungo vya watu, hiyo meza naiota. Video zao zina kufuli, hazifunguki ila kwa programu yao maalumu, programu yenye mwenyewe, na masomo sita ya kwanza yalicheza vizuri kabisa, kumbe wenye ile programu walikuwa wametangaza kwamba toleo jipya hawatalitengeneza tena kwa mifumo ya huria, na sisi hatukusoma tangazo, nani anasoma matangazo yale?

Nikafika somo la saba. Juu imeandikwa "Koti la Kiume: Kuunga Mkono", nikabonyeza, kioo kikawa cheusi, na katikati ya ule weusi pakatokea maneno mawili tu: "Haliungwi mkono." Nikasoma tena. Koti, haliungwi mkono. Nikajiambia ahaa, kumbe mtindo huu mkono haushonwi peke yake, unakatwa pamoja na mwili, mwalimu ametega swali hapa ili aone nani ana akili. Nikachukua kitambaa, nikapiga chaki, nikakata kipande kimoja mwili na mikono, nikaweka na bitana, nikapeleka karakana kifua mbele, na bosi akaliinua kwa ncha za vidole akauliza, "Binti, hili koti au popo?" Karakana nzima iliangua kicheko, mpaka mkataji mzee akatoa miwani kufuta machozi.

Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamwonyesha mume wangu kile kioo cheusi ili aone walichonifanyia, naye alipoyaona yale maneno akaruka kwenye kiti, akapiga kelele, "Neno langu! Mke wangu, hili nimelitafsiri mimi! Limefika!" Akanieleza kwamba maana yake ni kuwa lile faili halikubaliki kwenye mfumo huu, na neno "faili" alilitoa yeye mwenyewe kwa sababu kisanduku kilikuwa kidogo. Akawaita watoto waje kuona. Macho yanang'aa, Shangazi, miaka yote ile ya kutafsiri hajawahi kuliona neno lake likitokea lenyewe bila kulitafuta. Sasa mimi ningefanya nini? Nilipiga makofi. Naapa, nilisimama pale nikapiga makofi, nikasema hongera baba, na alipokumbuka kuuliza, "Lakini somo lako je?" nikamjibu, "Usijali, nitasoma kwenye kitabu chao." Kitabu chenyewe hakipo.

Ndiyo nikaenda kwa Dirisha. Huyu Dirisha ni fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, anaitwa hivyo kwa sababu anahudumia watu kupitia dirisha, na kwa sababu nyingine ambayo wenye kompyuta wanaijua, ule mfumo wenye mwenyewe anaowawekea watu jina lake la Kiingereza maana yake ni madirisha, na yeye na mume wangu hawapikiki chungu kimoja, akimwona anapita anamwita "Mwalimu wa Bure" makusudi ili amuudhi. Kibandani kwake nyuma ya pazia ana kompyuta inayocheza zile video, ninaingiza namba yangu ya chuo, naangalia somo la saba, Dirisha ndiye anayeshika kipanya kwa sababu mikono yangu ina kitambaa na pini, nami namwelekeza tu.

Na hapo ndipo wifi alipotokea. Nasema wifi yangu, dada wa mume, siyo ile ya intaneti, ingawa zote mbili zinasambaza habari kwa kasi. Alikuja kupiga picha za pasipoti, akaona chini ya pazia viatu vyangu vya kijani, viatu ambavyo yeye mwenyewe ndiye aliyeninunulia, halafu akasikia sauti yangu ikisema, "Hapo hapo! Usisogeze. Rudia tena, taratibu." Shangazi, nilikuwa naangalia jinsi mkono unavyopachikwa begani! Hakupiga hata hizo picha, alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake.

Mume wangu hakugomba. Angegomba ningepona. Tulipokuwa tunaondoa vyombo alisema kwa sauti ya chini, "Kama kwangu kuna kitu kinakupungukia, ungeniambia mimi kabla ya Dirisha." Nikababaika, nikasema nampelekea simu anitengenezee. Simu yangu ni ile ndogo ya tochi, imeshatumbukia kwenye beseni la nguo mara kadhaa na haijawahi kuugua, akaiangalia pale mezani, akaniangalia mimi, akaenda kulala akiwa ameugeukia ukuta. Tangu siku hiyo hatafsiri tena. Laptopu yake ipo kwenye kabati chini ya mashuka, wenzake wanamwandikia hajibu, na mimi nikipiga pasi hakuna anayeniuliza neno.

Sasa nimebanwa huku na huku. Nikinyamaza anaamini nina bwana. Nikisema ukweli atajua kwamba mfumo wake aliouweka kwa mikono yake ndio ulioniangusha, na kwamba lile neno alilolifurahia ndilo lililonifanya kichekesho, na kwamba nilikwenda kupata msaada kwa mtu yule yule anayemdharau barabarani, na wallahi sijui kipi kitamuumiza zaidi. Na koti jipya nililolianza baada ya yule popo bado halijaisha, mkono mmoja umekaa na mwingine unaning'inia. Nifanye nini?

Ni mimi,
Mwenye Chaki Mikononi

*

Mwenye Chaki, marahaba. Umeniomba nisicheke na nimeshindwa. Nimecheka kwenye popo, nikacheka kwenye viatu, nilipofika kwenye makofi nikaacha kucheka, na hapo ndipo nitakapoanza.

Lakini kwanza tuondoe upuuzi mezani. Eti hujui kipi kitamuumiza zaidi, mke kuwa na bwana au mke kuwa na video? Dada yangu, mimi ukurasa huu nimeukalia muda mrefu, nimesoma barua za waume wa kila aina, na hajatokea hata mmoja aliyeomba Mungu amjalie mke mwenye hawara ili mradi kompyuta yake isitukanwe. Mumeo anapenda mifumo, sawa, ila aliyefungiwa kabatini chini ya mashuka siyo mfumo, ni yeye mwenyewe. Amenyamaza kwa sababu yako. Kila siku unayochelewa unamwongezea maumivu.

Sasa hayo makofi. Najua ulipiga kwa mapenzi, na moyo wako nimeuona, ni mwema. Lakini angalia ulichofanya. Ulisimama mbele ya mtu ambaye kazi yake yote ya jioni ni kusaidia watu asiowajua watumie kompyuta kwa lugha yao, umekwama, umechekwa, meza ya kukatia inakuponyoka, na ulipoulizwa waziwazi, "Somo lako je?" ukamwambia usijali. Yeye aliuliza! Ni wewe uliyefunga mlango, halafu ukaenda kubisha kwa Dirisha. Halafu na hiyo hadithi ya simu, jamani. Ukitaka kudanganya, danganya kwa kitu kinachoharibika.

Haya, sikiliza la kufanya. Leo, siyo kesho. Watoto wakiwa nje wanacheza, itoe laptopu yako, fungua somo la saba, acha kile kioo kiwe cheusi na yale maneno yatokee. Weka pembeni lile koti la mkono mmoja na yule popo wako pia, natumaini hukumtupa. Mwite mumeo akae. Mweleze kila kitu kama ulivyonieleza mimi, pamoja na "hapo hapo, usisogeze", kwa sababu hiyo wifi alishaifikisha na bila maelezo inasikika vibaya sana. Mwombe radhi kwa uongo wa simu. Kwa kujifunza usiombe radhi, huko hukukosa.

Kuhusu hiyo programu, nimemuuliza fundi wetu wa mitambo hapa gazetini, bibi mwenye wajukuu na ulimi mkali, akasema wala si jambo la kuvunja ndoa. Laptopu moja inaweza kubeba mifumo miwili, wa huria na ule wenye mwenyewe, ukiiwasha inakuuliza unataka upi, na kazi yenyewe ni ya alasiri moja kwa mtu anayejua kama mumeo. Huo wenye mwenyewe mnunue kwa haki, msichukue nakala ya wizi kwenye visahani vya Dirisha. Na kiandikieni chuo, mwandike wote wawili, yeye Kiswahili chake na wewe hasira zako, kwamba walikuuzia masomo ukiwa na mfumo ule ule ambao programu yao ilikuwa ikiukubali, kisha wakakuacha katikati ya koti. Wakupe video zisizo na kufuli. Wakikataa, angalau wameambiwa.

Dirisha mshukuru kwa heshima, mwambie basi, imetosha. Mwambie pia aache kumwita mwenzio Mwalimu wa Bure, kwa sababu hata yeye anajua kutofautisha huria na bure. Wifi mkaribishe chai, mwekee somo la saba tangu mwanzo, aone kwa macho yake huyo bwana unayemwambia arudie taratibu. Asiondoke mpaka afike kwenye bitana. Yeye alivaa wivu kwa niaba ya kaka yake na simlaumu sana, mimi pia nina kaka.

Na wewe Mwalimu, maana najua mwenye Kiswahili kama chako hapiti ukurasa huu bila kuusoma, nina maneno mawili na wewe. Toa hiyo laptopu kabatini, wenzako wanakungoja. Na lile neno "faili" lirudishe, hata kama kisanduku ni kidogo kibane tu, maana ulipolitoa ulimkatisha mkeo kitambaa kizima. Uhuru wa kufungua kompyuta ni mzuri, nami naukubali, lakini mwenye nyumba moja nawe naye ana uhuru wake, wa kukaa kwenye meza ya kukatia akiitwa mkataji, na huo haujaingia kwenye mfumo wako bado.

Mwenye Chaki, turudi kwako tumalize. Barua yako kwangu, mtu usiyenijua, ilianza kwa "naomba msaada". Nimeisoma yote nikitafuta ni wapi ulimwambia mumeo maneno hayo, sijapaona. Ukishamaliza kumsimulia, ukishafuta machozi, chukua ule mkono unaoning'inia, mshikishe, na mwambie hivi: "Mume wangu, niunge mkono."

Atauliza upi. Mwambie yote miwili.