Mguu wa Baba Uliooshwa na Mfalme

Mtaa wa Mesón de Paredes,
Madrid.
8 Mei 1931

Mpendwa kaka Anselmo,

Salamu nyingi zikufikie huko Buenos Aires, wewe na shemeji Rosaura na watoto. Hamjambo? Yule mdogo aliyekuwa akilia kwa maumivu ya masikio usiku kucha amepona? Na mgongo wako je, bado unakusumbua, au umekubali hatimaye kwamba mizigo ya bandarini ni ya vijana? Mwezi huu ni wako wa kuzaliwa, kwa hiyo nakutakia heri mapema kabla barua haijavuka bahari.

Huku baridi imetuacha. Mume wangu Eladio ni mzima, bado yuko karakana ya tramu, na siku hizi anarudi na habari nyingi kuliko mshahara. Binti yangu Benita anaimba wimbo wa jamhuri kutwa nzima, mpaka jirani yetu Doña Escolástica ametoa kichwa barazani akamwambia, "Wewe mtoto, hata jamhuri yenyewe inahitaji kulala!" Tunacheka, kaka. Mji mzima unacheka. Mimi nikifika mlangoni kwetu nafuta kicheko kwanza, ndipo naingia.

Mgonjwa ni baba, na haumwi mahali pa kumwonyesha daktari. Tangu katikati ya Aprili hajavaa viatu. Anashinda kwenye kiti chake karibu na dirisha, miguuni kavaa vile viatu vya kamba vya kuendea uani, na mchuzi wa dengu ninaompelekea unarudi jinsi ulivyokwenda. Hatoki kwenda hata kwa kinyozi, na wewe unajua baba na porojo za kinyozi.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nilifurahi, nikaisoma kwa sauti moja kwa moja bila kuipitia kwanza, na hilo ndilo kosa. Nilipofika pale ulipoandika, "Hongera, baba! Yule bwana mfalme umemfukuza kwa mkono wako mwenyewe," baba akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Akageuza uso dirishani, na siku hiyo hakugusa hata mkate. Sikulaumu, ungejuaje? Lakini nimeona nikueleze mambo yalivyo, kwa sababu sisi wawili ndio tuliobaki kwake.

Unakumbuka alivyokuwa akitusimulia kwamba wewe na mfalme ni mapacha wa kupanga? Wewe ulikuwa bado tumboni siku baba aliposimama chini ya kasri pamoja na Madrid yote, wakihesabu milio ya mizinga ili wajue kama malkia mjane amejifungua wa kiume. Yule alizaliwa tayari mfalme, baba yake ameshazikwa. Siku chache baadaye ukaja wewe, nawe ukalazwa kwenye sanduku la machungwa. Baba alikuwa akisema mtoto asiye na baba na mtoto asiye na kitanda wote ni wa kuonea huruma.

Mlipotimiza miaka kumi na sita, yeye akaapishwa, wewe ukaanza kubeba mchanga. Mfalme alipooa, baba alikuwa mtaa wa Calle Mayor akipunga kofia wakati shada la maua lilipodondoka kutoka ghorofani na bomu ndani yake. Watu walikufa, sikio la kushoto la baba likafa nao. Hata hivyo alirudi nyumbani na vumbi usoni akisema, "Namshukuru Mungu, kijana na mkewe wamepona." Kijana! Ndivyo alivyomwita, kama mtoto wa jirani.

Halafu ukaja mwaka wa ishirini na moja na vita vya Afrika. Wenye uwezo waliwalipia watoto wao wasivuke bahari, na sisi tukampakia mdogo wetu Eusebio kwenye treni na soseji mbili kwenye kitambaa. Hakurudi, wala hakuletwa. Wewe ulikuwa umeshahamia huko, hukumwona baba mwaka ule. Hakulia mbele yetu. Aliacha tu kumwita mfalme kijana.

Sasa nifike kwenye lile ulilonikejeli katika barua ya mwaka jana, kwamba tulimpeleka baba kubusiwa mguu kama sanamu ya mtakatifu. Kaka, ulikuwa mbali na njaa yetu. Padri wa parokia alipeleka jina lake kwenye kura ya wazee maskini ambao mfalme huwaosha na kuwabusu mguu kila Alhamisi Kuu, nalo likatoka. Mzee aliyechaguliwa alipewa suti mpya ya sufu, viatu vipya, na kikapu kilichojaa chakula kutoka mezani kwa mfalme. Eladio alikuwa amesimamishwa kazi wakati ule. Nani angekataa?

Jioni ya Jumatano baba alikaa penye bomba la uani akajisugua miguu kwa jiwe mpaka ikawa myekundu. Nilisimama kwenye ngazi na majirani nikimcheka. Doña Escolástica akamwambia, "Hilario, acha kidogo, mwachie na mfalme kazi ya kufanya!" Na huko kasrini, kabla ya sherehe, watumishi wakawaosha tena wote. Baba anasema mfalme alipofika na beseni hapakuwa na cha kuoshwa.

Alikwenda na neno moja. Nililijua kwa sababu alikuwa akilinong'ona wakati wa kunyoa ndevu: alitaka kuuliza Eusebio wake aliachwa wapi. Si kugombana, ila ajue mahali. Lakini waliambiwa mzee haruhusiwi kusema asiposemeshwa, na mimi nikasisitiza. Nilimwambia, "Baba, nakusihi, tusikose kikapu." Akaniitikia kama mtoto. Jioni akarudi na samaki, jibini na zeituni, jengo zima likala, mifupa tukawapa paka. Nilipomuuliza mfalme yukoje, alisema, "Sijui. Niliona utosi wake tu. Nywele zimeanza kupungua."

Baadaye ndipo aliponiambia kilichomtesa. Alisema maji yalikuwa ya uvuguvugu na taulo lilikuwa laini, na kwa kitambo kidogo aliona raha. Eusebio alimtoka kichwani kabisa. "Nilimsahau mwanangu kwa ajili ya taulo," aliniambia, na macho yake sitaki kuyakumbuka.

Uchaguzi wa madiwani mwezi uliopita ulipofika, kila mtu alijua tunamchagulia mfalme abaki au aende. Sisi wanawake hatukuwa na kura, tulikuwa na mdomo. Mimi wangu niliutumia. Nilimwambia baba, "Hapa ndipo pa kumsemea Eusebio." Akaamka mapema, akavaa suti. Anayo moja tu, kaka, ile ya Alhamisi Kuu, na viatu ni vilevile vya kasri. Akaenda hivyo kupiga kura, amependeza kuliko diwani mwenyewe, na kura yake nayo ikaingia kwenye rundo la kumwondoa aliyemvika.

Siku jamhuri ilipotangazwa tulikwenda sote uwanja wa Puerta del Sol. Sitakudanganya, nilicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Baba alikumbatiwa na watu asiowajua. Kesho yake Eladio akaja na habari kwamba mfalme aliondoka peke yake kwa gari kwenda kupanda meli Cartagena, na kwamba mkewe na watoto waliachwa usiku ule kasrini, mmoja wao mgonjwa kitandani, kelele za furaha zikiwafikia madirishani. Sasa wote wako Ufaransa. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akainama, akafungua kamba za viatu.

"Aliniosha mguu," alisema, "nami nikampiga teke kwa mguu uleule."

Eladio akamwambia, "Baba mkwe, teke limepigwa na Madrid nzima."

"Madrid nzima haikuoshwa. Mimi nilioshwa."

Nimejaribu kila njia. Nikimwambia mfalme alistahili, anasema, "Basi mbona nilinyamaza mbele yake?" Nikimwambia mfalme alikuwa mtu mwema, anauliza, "Na Eusebio je?" Nikaacha kujaribu, maana kila mlango ninaoufungua una baba nyuma yake anajilaumu. Na kila anapojilaumu najisikia mimi, niliyemfunga mdomo kwa ajili ya samaki, kisha nikamsukuma kwenye sanduku la kura.

Juzi, siku ya pili baada ya barua yako, akaniamuru nimsindikize kurudisha viatu na suti. Nilidhani nikikataa atakwenda peke yake, nikakubali. Akavipaka viatu dawa mpaka vikang'aa, akavibeba kifuani, miguuni kavaa vile vya kamba. Suti niliifunga kwenye shuka. Mlangoni pa kasri tulimkuta askari mnene mwenye masharubu.

"Mzee, unamtafuta nani?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba kahama, mzee. Wala hakuacha anwani."

"Basi pokea wewe. Nimemletea viatu vyake."

Askari akavigeuza. "Hivi vya mfalme? Mbona soli imelika upande mmoja? Kumbe alikuwa anachechemea na tukafichwa miaka yote?"

"Anayechechemea ni mimi. Alinipa yeye, Alhamisi Kuu."

"Sasa kitu umepewa, unarudisha kwa nini?"

"Kwa sababu ndivyo nilivyovaa kwenda kumpigia kura ya kumfukuza."

Nilitaka ardhi inimeze. Nilimngoja askari acheke, lakini hakucheka. Alimrudishia baba viatu polepole, akajishika koti.

"Tazama, mzee. Koti hili ni lake. Nimebadilisha vifungo tu, vile vyenye taji nimevitoa. Nikianza kurudisha kila alichonipa, jioni hii utanikuta hapa uchi. Vaa viatu vyako." Kisha akanigeukia. "Dada, mpeleke mzee nyumbani. Huku hakuna wa kumsamehe mtu. Sisi tunalinda viti tu."

Baba alitembea mbele yangu njia nzima, viatu kifuani. Tulipofika alikaa kwenye kiti chake, na miguu yake, kaka, ilikuwa na vumbi la mji mzima, kamba zimemchubua kisigino, damu imeganda. Nikachemsha maji. Nikaleta beseni na taulo la harusi yangu, lile ambalo hatulitumii. Nikapiga magoti.

Nilipouweka kiganjani ule mguu wa kulia, uliooshwa kasrini, ndipo nilipoona kwamba siujui. Ule mguu uliotubeba sote, uliopanda na matofali ngazi za nusu ya mji huu. Mama hayupo, wewe uko mbali, na mimi niko naye kila siku, na katika maisha yangu yote sikuwahi kumwosha baba miguu. Mfalme alinitangulia. Yule aliyetupotezea Eusebio alipiga magoti mbele ya baba kabla sijapiga mimi. Nikaona aibu, nikainamisha kichwa nisionekane usoni.

Hapo nikasikia sauti yake juu yangu, ndogo na ya heshima, sauti ambayo hajawahi kunisemesha nayo.

"Mtukufu, niwie radhi nikuulize. Eusebio wangu mlimwacha wapi?"

Anselmo, sijui kama alikuwa ananiona mimi au alikuwa anaona utosi ule mwingine. Sikuinua kichwa. Nilifikiri nikiinua tu ataacha kusema. Nikaendelea kumwagia maji, naye akasema yote: jinsi Eusebio alivyokuwa akiogopa giza, soseji mbili, treni, baridi ya milimani ambayo hajui kama inafunika makaburi au hakuna kaburi. Mwisho akasema, "Nami kukufukuza sikutaka. Nilitaka unijibu." Kisha akalia, kaka. Kwa miaka yote hii, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Nilimkausha. Nikambusu mguu, maana ndivyo inavyofanywa.

Usiku ule alikula dengu kidogo. Viatu ameviomba viwekwe karibu na kiti, ila hajavivaa. Kwa hiyo nakusihi, andika upya, na safari hii usimwandikie baba juu ya mfalme, wala kumpongeza kwa lolote. Mwandikie juu ya Eusebio. Andika alivyokuwa, andika yale ya utotoni mwake mliyofanya wawili mkanificha. Maisha yake hayajasimuliwa nyumbani humu kwa miaka kumi, na tulioyanyamazia si kasri, ni sisi.

Eladio na Benita wanakusalimu. Doña Escolástica anauliza kama bado una ile sauti ya punda ukiimba. Wabusu watoto wote kwa niaba ya babu yao, na mwambie Rosaura siku moja tutaonana hata kama ni kwa kuzeeka tu. Mungu na Bikira wa Paloma wakulinde na mashua na winchi za huko.

Baba amekaa hapa karibu nami ninapoandika. Ameniuliza barua ni ya nani, nikamwambia. Amefikiri kidogo, kisha akasema nikuulize: huko ulipo, Anselmo, miguu yako nani anakuosha?

Dada yako asiyekusahau hata siku moja,
Saturnina