Usingizi Ulionikimbia Tangu Nijifungue

Nyumba ya Thekkedath,
Ottapalam, Kerala,
14 Julai 1994.

Mpendwa Dada Vilasini,

Pokea salamu zangu nyingi huko Maskati. Hujambo? Kifua kimepona? Na watoto wa tajiri wako unaowalea, hawajambo? Huku mvua haikatiki, nepi tunazianika juu ya jiko. Mtoto ananyonya vizuri, na ana nywele kama za marehemu mama.

Mimi nasema sijambo kwa mdomo tu. Dada, naogopa.

Tangu nijifungue sipati usingizi. Usiku mtoto analia, namnyonyesha, akinyamaza mimi nabaki macho. Mchana ndipo macho yanajifunga yenyewe, lakini unajua kwetu mzazi halali mchana. Eti usingizi wa mchana unazidisha makohozi mwilini, maziwa yanakuwa mazito, mtoto anapata kifua. Nikiinamisha kichwa tu, mama mkwe ananirushia maji ya baridi. "Wewe umezaa mtoto au umezaa kitanda?" Nami natii, si ni kwa ajili ya mtoto.

Jumanne nilikuwa namwogesha. Nimenyoosha miguu, nimemlaza juu yake, nimempaka mafuta mwili mzima. Sikujua kama nimelala. Nilishtuliwa na yowe la mama mkwe. Mtoto alikuwa ameteleza, kichwa kiko ukingoni mwa beseni la maji, naye amemdaka mguu mmoja.

Hakuumia. Ila tangu hapo naogopa kumwogesha. Na nimemsikia mama mkwe akimwambia mume wangu kwamba mtoto akakae kwa shangazi yake mpaka akili zangu zitulie.

Mume wangu Sethu akaenda kumwita mganga, yule mzee Achuthan. Alinishika mkono akasikiliza mapigo, akaniuliza nalala vipi, nikamweleza yote huku nalia. Akamgeukia mama mkwe.

"Madhavi, nani kakwambia huyu asilale?"

"Si nyie waganga wenyewe! Tangu enzi za bibi yangu!"

"Hiyo ni ya mtu aliyelala usiku kucha akaamka akashiba wali. Aliyekesha analipwa usingizi wake. Asubuhi, kabla hajala, alale nusu ya muda alioukosa. Mwili unajengwa kwa chakula na kwa usingizi. Wewe unampa kimoja, kingine unamnyima. Kwani wewe ukikoroma kwenye kile kiti chako mchana, makohozi huyaoni?"

"Mimi sikoromi! Nafumba macho tu."

Hata mimi nilicheka, Dada.

Ameagiza nipakwe mafuta kichwani na nyayoni, jioni ninywe maziwa ya moto ya nyati wa kufugwa. Akasema nisipopata nafuu upesi twende hospitali, tusione haya. Hapo kicheko kikaniisha.

Maana nasikia mama naye aliponizaa mimi usingizi ulimkimbia, akapelekwa kwa wajomba, mimi nikanyonyeshwa na mwanamke mwingine. Wewe ulikuwa umeshapata akili. Ilianza hivi hivi? Alipolala, alipona? Usinifiche kwa kunihurumia. Ruhusa ya kulala sasa ninayo, ila nikifumba macho naliona lile beseni. Nataka sana kumlea huyu mtoto mwenyewe, na naamini nitaweza, kama nitapata kulala.

Msalimie Aleyamma unayekaa naye. Sethu anakusalimu sana. Mama mkwe naye anakusalimu. Amekaa hapa mlangoni na mtoto kifuani. Amenipaka mafuta nyayo zote mbili kwa mikono yake, na sasa ananiambia niweke kalamu chini. Nimemuuliza kuhusu mtoto kupelekwa kwa shangazi. Amesema, "Haendi popote. Lala, mwanangu. Ukiamka utamkuta."

Bhagavati, mungu mama yetu, akulinde ugenini na akurudishe salama. Acha nijaribu kufumba macho.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Ambili