Kompyuta Isiyoamkia Watoto

Maretadu, Mbulu

Kaka Philemon,

Shikamoo. Natumaini wewe na familia mko salama. Huku hatujambo, ila baridi ni kali na maharage yamechelewa. Mama miguu inamsumbua, lakini ulimi wake mzima kabisa.

Bado natengeneza mwonekano wa skrini kwa ajili ya kompyuta za zamani za mashuleni, ili zisitupwe. Nimepunguza mapambo na kukuza maandishi. Wazee waliojaribu walilalamika kwamba mashine inadai neno la siri kabla ya salamu, haina adabu. Basi nikaipangia ikiwashwa iandike shikamoo, mtu aandike marahaba, ndipo ifunguke.

Ilikubali kila mahali. Kisha nikaiweka kwenye kompyuta ya marehemu Baba, ile nzito aliyotungia mitihani. Ikawaka, ikanyamaza. Nilikagua, sikuona kosa. Kwa hasira nikaandika shikamoo mimi. Ikajibu marahaba, ikafunguka. Nilicheka, kaka, halafu kicheko kikakatika, maana jibu hilo mimi sikuipa.

Alipokuja baba mkubwa Akonaay, ikamwamkia palepale. Brightness, binti wa jirani, ikamnyamazia mpaka alipoanza yeye. Haina kamera wala mtandao. Niliogopa sana. Mama hata hakushangaa. Alisema Baba hajawahi kumwamkia mtoto, kwa nini aanze leo.

Sasa ofisini kwangu wameagiza toleo jipya la mwonekano huo lisizitambue tena mashine za umri huo. Nimekataa, na huenda nikapoteza kazi. Niliwaambia shule bado zinazihitaji, na ni kweli, lakini sababu yangu hasa nakuambia wewe peke yako. Jumapili tulirudi kutoka kanisani, umeme umekatika kijiji kizima, tukaikuta inawaka. Kwenye skrini palikuwa na mstari mmoja: Philemon bado hajaniamkia.

Najua wewe na Baba mligombana, na ndiyo maana hukuja kumzika. Mama halaumu, ila siku hizi anakaa mbele ya ile skrini akikuombea. Diski inakwaruza, haitadumu, na mimi siwezi kukuandikia salamu yako. Nilijaribu. Ilizimika.

Njoo, kaka, kabla haijafa nayo.

Wasalimie shemeji na watoto. Mama anakusalimu, baba mkubwa pia anakusalimu. Wote wanakusalimu isipokuwa mmoja, ambaye anasubiri uanze wewe.

Mdogo wako,
Judica