Nilimwambia kaka kitabu cha joka ni cha shule

Mshauri Kaluki, mimi ni fundi wa cherehani hapa Kiganjo, Thika, nashona sare za shule, na nimejiingiza mahali ambapo sindano haiwezi kunitoa, kwa hivyo nakuomba unisikilize hadi mwisho kabla hujaanza kunigombeza, maana najua utanigombeza.

Nina kaka yangu mkubwa, Githae, anayeishi Ruiru na binti yake wa pekee, Wamboi, ambaye ana miaka kumi na mitatu na yuko Gredi ya Nane. Mama yake, Beth, ni muuguzi Doha, huu ni mwaka wa pili, kwa hivyo nyumba ni ya hao wawili tu, na Githae si mtu mbaya, ni mzee wa kanisa, anapika, anafua, lakini kuongea na msichana wa umri huo kulimshinda, akirudi kutoka kazini anauliza umekula, umefanya homework, basi, mtoto anaingia chumbani na simu na baba anabaki na taarifa ya habari. Mimi huwatembelea kila Jumapili baada ya ibada na ilikuwa inaniuma sana kuona watu wawili wanaopendana wakikaa kama wapangaji wa ploti moja.

Sasa mimi riwaya za fantasia ndizo ugonjwa wangu tangu nikiwa shule, majirani hunicheka kwamba mama mzima anasoma habari za majoka huku akipiga pindo, na nikajiambia nitamtoa huyu mtoto kwenye simu kwa dawa hiyo hiyo. Cha kwanza nilichompa kilikuwa kinene kama tofali, kina ramani tatu na majina ambayo hata mimi nayaruka, akanirudishia baadaye na alama ikiwa ukurasa wa nne, akaniambia kwa heshima kwamba kilikuwa kizuri. Cha pili nikatumia akili, nikampa chembamba, sura fupi fupi, cha msichana wa umri wake anayegundua kwamba ndani ya tanuri la mikate la mjomba wake kunaishi joka mdogo kama paka, ambaye hajui kutoa moto na anaona aibu. Wamboi alisoma sura mbili akiwa amesimama jikoni. Hapo ndipo Githae alipoingia, akaona joka kwenye jalada, akaniuliza, "Tabby, hii ni ya shule?"

Mshauri, nilijua nikisema si ya shule kitarudi nami Thika jioni hiyo hiyo, kwa sababu kwa kaka yangu kitu kisicho kwenye mtaala ni kupoteza wakati, na chenye joka ni kibaya zaidi, lakini nilijua pia kwamba shule ikisema jambo Githae hutii bila swali, mwaka jana, kwa huu mtaala mpya wa CBC, waliagiza wazazi watengeneze sanamu ya kutisha ndege shambani pamoja na watoto, naye akaivalisha koti lake la harusi. Basi neno likaniponyoka. Nikamwambia, "Ni assignment ya CBC. Mzazi anafaa asome na mtoto."

Na akasoma. Kila jioni baada ya chakula wanakaa kwenye meza ya jikoni, ukurasa mmoja baba, ukurasa mmoja mtoto, na Githae amempa joka sauti ya chifu akiwa kwenye baraza, anakohoa kwanza kabla ya kuongea, na Wamboi anacheka hadi anaegemea ukuta. Jumapili moja niliwakuta wakibishana vikali kama yule mjomba wa kwenye kitabu ni mnafiki au ni mwoga tu, na simu ya mtoto ilikuwa kwenye chaji chumba kingine na hakuna aliyeitafuta. Nilirudi Thika nikiimba.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini Githae amechaguliwa mwakilishi wa wazazi wa Gredi ya Nane, na juzi juzi akaandika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, ambalo mwalimu hayumo, akiwauliza wenzake wamefika wapi na kile kitabu cha joka, akaweka na picha ya jalada. Nilidhani watamuuliza ni kitabu gani hicho. Hakuna aliyeuliza. Baba Gachanja alijibu kwamba wao wako sura ya sita na kijana anafurahia. Mama Sifuna akasema wake anamalizia sura ya kumi na mbili, na kitabu chenyewe kina sura tisa. Mama Raj, yule Daksha mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliagiza nakala kumi kutoka Nairobi akatangaza kwamba yeyote aliyepoteza yake apitie dukani, na nasikia ziliisha kabla ya saa sita. Haya yote Githae alinionyesha kwenye simu yake, akijivuna kwamba darasa zima linasonga pamoja.

Mkutano wa wazazi ni mwisho wa mwezi huu. Githae ameandaa hotuba ya kumshukuru mwalimu wa darasa, Bwana Ndambuki, mbele ya watu wote, kwa kuchagua kitabu kilichomrudishia binti yake. Bwana Ndambuki hajawahi kusikia habari za joka huyo hata siku moja.

Jumapili iliyopita nilimwambia Wamboi, tukimenya viazi, kwamba naona ni heri nimwambie baba yake ukweli. Yeye alijua tangu mwanzo kwamba hakuna kazi kama hiyo, angekosaje kujua na yeye ndiye mwanafunzi, na mimi nilidhani anaifurahia siri yetu kama ninavyoifurahia. Aliacha kumenya. Akasema, "Tata, please usimwambie. Akijua si lazima, ataacha kusoma na mimi." Tata kwetu ndiyo shangazi. Basi nikaona kwamba hata mtoto mwenyewe anataka ninyamaze, na tangu hapo nafikiria kumwendea Bwana Ndambuki kimyakimya, nimshonee suruali moja ya nguvu, ili siku ya mkutano aseme kitabu alikichagua yeye na mambo yaishe.

Je, nifanye hivyo, au nikae kimya tu nimwachie Mungu? Na swali la pili, kitabu kimebakisha sura moja na Githae anasema shule ilete kingine haraka, niwape kipi? Tafadhali badilisha majina, kaka yangu husoma gazeti lako.

Shangazi wa Joka, Kiganjo, Thika

MSHAURI KALUKI ANAJIBU

Shangazi wa Joka, majina nimebadilisha yote, ila joka sikuwa na la kumbadilisha, na sidhani Ruiru kuna nyumba nyingi ambako chifu anaongea kutoka ndani ya tanuri. Kaka yako akifika ukurasa huu atajijua kabla chai yake haijapoa. Kwa hivyo kama umelinunua gazeti hili asubuhi, funga cherehani uende Ruiru sasa hivi, haya mengine utayamalizia njiani.

Nimecheka, sitakuficha. Nilipofika kwa Mama Sifuna na sura yake ya kumi na mbili ilibidi niweke kalamu chini. Hao wazazi nawajua vizuri kwa sababu mimi ni mmoja wao. Tumezoea kuagizwa vitu na shule, na tunaogopa mtoto wetu kuachwa nyuma, hadi leo tukiulizwa kama tumepeleka ngamia, tutajibu wetu yuko njiani. Lakini kucheka kumeisha. Ulidanganya, dada, na uongo wako haukukaa jikoni kwa kaka yako, umeingia nyumba za watu usiowajua na sasa unataka kuupeleka shuleni. Suruali ya Bwana Ndambuki iache kabisa. Huyo mwalimu hajakukosea lolote, na wewe unapanga kumsimamisha mbele ya wazazi apigiwe makofi kwa kitabu ambacho hajawahi kukishika, kisha mtu mmoja pale nyuma amuulize joka aliitwa nani.

Sasa nikuambie kilichoniudhi zaidi. Unaniandikia kwamba mtoto anataka unyamaze, ukayachukua maneno yake kama ruhusa. Hebu yasome tena polepole. Hakusema kitabu kitachukuliwa. Hakusema wewe utagombezwa. Alisema baba yake akijua si lazima, ataacha kusoma naye. Huyo msichana anakaa kando ya baba yake kila jioni, anacheka hadi anaegemea ukuta, na wakati huo wote anaamini kwamba aliyemketisha baba pale ni shule. Mama yuko mbali, baba amepatikana kwa amri ya mwalimu, na amri yenyewe anajua haipo. Ulidhani mnachekelea siri moja wewe na yeye. Kwako ni mzaha, kwake ni hofu, na ameibeba peke yake kwa sababu wewe ulikuwa unarudi Thika ukiimba.

Nimesema hilo kwa ukali kwa kuwa unampenda, na barua yako yote inaonyesha unampenda. Usijichukie. Ulifanya jambo moja jema kwa njia mbovu, na jema lenyewe bado lipo.

Ukifika, mpate Githae peke yake. Usianze na faida za kusoma wala mambo ya mtaala, hiyo ni kuzungukazunguka. Mwambie kitabu ni chako, shule haikijui, na ulimdanganya. Kisha nyamaza. Atakasirika, na ana haki, umemwanika kwenye kundi la wazazi bila yeye kujua. Mwache amalize. Akianza habari ya joka na kanisa, mkumbushe kwamba nyinyi wawili mlilelewa kwa hadithi za mazimwi yanayomeza watu, mkipukuchua mahindi, na leo yeye ni mzee wa kanisa. Tena mkumbushe kwamba kitabu hicho amekisoma mwenyewe kwa sauti, sura nane nzima, na kama kuna ubaya mle ndani angekuwa ameshauona. Kuhusu kundi, aandike yeye, maneno machache, kwamba kitabu hakikuwa cha shule, kilitoka kwa dada yake, na wao wanaendelea nacho. Utaona jinsi watu watakavyonyamaza. Mama Sifuna atapona. Na waliochukua nakala kwa Daksha tayari wanasoma, sioni nani atakayerudisha cha kwake kabla ya kujua kama joka alipata moto wake.

Swali lako la pili sitalijibu kwa jina la kitabu, maana simjui Wamboi, na kumpendekezea mtoto kitabu bila kumjua ni kushona sare bila kuchukua vipimo. Wewe mwenyewe ulishafanya kosa hilo na lile tofali lenye ramani. Ulimpa kwa sababu wewe ulilipenda. Vitabu vinene si vibaya, vina wakati wake, na msomaji wa miaka kumi na mitatu ambaye ndiyo kwanza ameachana na simu anataka sura anayoweza kuimaliza kabla usingizi haujamshika, na mhusika anayemzidi mwaka mmoja au miwili, anayefanya makosa na kuyalipia. Usiogope kitabu chenye hatari, watoto wa umri huo wanajua dunia ina hatari na wanachukia kudanganywa kwamba haina. Ogopa kile kinachoeleza mateso kwa raha. Na utalijuaje hilo? Kwa kukisoma hadi ukurasa wa mwisho kabla hujampa. Watu wazima wengi hupendekeza jalada, kisha wanashangaa mtoto akiuliza maswali kuhusu sura ya kumi.

Nenda maktaba ya umma hapo Thika, azima vitatu, kimoja kiwe cha Kiswahili, kwa sababu majini na mazimwi ya kwetu nayo yanahitaji wasomaji. Wawekee mezani wote wawili, baba na binti. Wasome ukurasa wa kwanza wa kila kimoja, wakatae viwili bila kuulizwa sababu. Hicho kinachobaki wamekichagua wenyewe, na hutalazimika tena kumsingizia mtu.

Lakini hayo ni ya wiki ijayo. Leo, ukishamaliza kuomba msamaha, kuna jambo moja la mwisho, na ndilo lililonifanya nikuandikie yote haya. Mwambie Githae maneno ya binti yake, kama yalivyo, akijua si lazima ataacha kusoma na mimi, bila kuongeza neno lako. Usimfariji, usimshauri, usimwambie la kufanya. Chukua mkoba wako urudi nyumbani, maana hapo hutakiwi tena.

Na wewe Githae, kama umelifungua gazeti kabla dada yako hajafika, usipige simu kwa mtu. Hotuba yako ya mwisho wa mwezi ilikuwa nzuri, ila ilielekezwa kwa mtu asiyestahili, anayestahili yuko humo nyumbani mwako. Jioni wakati wa kusoma ukifika, mwite, vuta kiti, umwambie, "Hakuna assignment. Nimejua leo. Tulikuwa tumefika wapi?"