Bakuli la Pili la Mtori

Shikamoo mama,

Moshi kuna baridi, mlima umejifunika mawingu tangu nifike. Leo sokoni niliagiza mtori, supu yao nzito ya ndizi na nyama. Mama ntilie akacheka: "Hicho ni chakula cha mzazi! Mtoto umemwacha na nani?"

Nikamwambia ukweli, kwamba tulimzika mwezi uliopita.

Akaninyang'anya bakuli. Nikadhani nimemkosea. Kumbe amekwenda kulijaza tena, na mnofu juu. "Aliyezaa ni mzazi tu," akasema. "Huku kwetu analishwa miezi mitatu. Kula, mwanangu."

Mama, zile sahani za chakula ambazo tangu mazishi nilikuwa nakurudishia zimejaa, nisamehe. Leo nimekomba mabakuli mawili.

Mwanao akupendaye,
Neema